Nilikipindua kwanza: viti vyangu vya Mabatini

Haya ni maoni yangu kuhusu karakana moja ya Mabatini, hapa Mwanza, iliyonikazia kiti cha zamani na kunitengenezea vingine vitatu. Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko Kirumba, ukishuka kuelekea soko la Mwaloni, na mteja akiniletea gauni nirekebishe, silitazami usoni. Naligeuza nje ndani. Nauangalia mshono, bitana, pindo limeachiwa kiasi gani. Uzuri wa nje hata pasi inaweza kuuleta.

Kwenye samani nilikuwa sijajifunza hivyo. Miaka michache nyuma nilinunua seti ya makochi kwenye duka moja hapa mjini, kitambaa cha kupendeza, mito minene. Panya akafia chini yake. Tulipolipindua kochi kubwa tukakuta mbao za makreti zimegongwa misumari ovyo ovyo, nyingine bado zina maandishi ya kampuni ya matunda. Tangu siku hiyo kila kinachotaka kuingia nyumbani kwangu lazima kilale chali kwanza.

Ndiyo maana nilikipenda kile kiti. Familia ya Wadenmark ilikuwa inahama, wanauza vyombo, nikaenda kwa ajili ya friji. Friji lilishachukuliwa. Barazani kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, kimelegea, kamba za kukalia zimekatika upande mmoja. Nikakipindua. Hakuna msumari hata mmoja, na kwa chini kimepigwa msasa sawasawa na kwa juu. Nikatoa elfu arobaini bila kuomba nipunguziwe, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Mwanangu akakipiga picha, akatafuta kwenye simu. Ni J39, kilichochorwa mwaka 1947 na Børge Mogensen kwa ajili ya FDB, ushirika wa walaji wa Denmark. Hapo nilikaa chini. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu. Baba aliuza pamba kupitia Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa kina Paul Bomani ulioanza 1955. Ushirika ninaoujua mimi ni mizani, magunia na foleni ya malipo. Sikuwahi kuwaza kwamba ushirika unaweza kumwajiri mtu mwenye kipaji hasa na kumwambia: tuchoree kiti kizuri ambacho mtu wa mshahara mdogo atakimudu. Kile cha kwangu ni cha oki, mti ambao kamusi inauita mwaloni. Nilicheka peke yangu. Mwaloni umenifuata Mwaloni.

Sasa karakana. Iko Mabatini, upande wa mto Mirongo, haina kibao. Utaijua kwa mlio wa mashine ya kukereza na kwa maranda yaliyomwagwa mlangoni. Jina la fundi siliweki hapa, mwenyewe hataki simu za watu wasiomjua. Nilimpelekea kazi mbili: akikaze kile cha Wadenmark, kisha anitengenezee vingine vitatu vya mninga kwa kukitazama hicho. Mimi na wateja wangu tunakaa sana.

Kazi ya kwanza nampa alama zote. Hakukimbilia nyundo ya chuma. Alichukua kipande cha mti, akakifunga kitambaa, akagonga mara mbili pembeni mwa kiungo, na mguu ukatoka mzima. Ulimi wake, ile ncha inayoingia tunduni, ni wa mviringo, unene wa kidole gumba changu, na gundi ya zamani imeganda juu yake rangi ya sukari guru. Akaikwangua taratibu kwa patasi huku anapuliza, asiuguse mti wenyewe. "Ukiukwangua mti, mama, tundu linakuwa kubwa, halafu utaniita tena." Akapaka gundi mpya, akakibana kwa vibano usiku kucha. Mpaka leo hakilii.

Kisha akaishika kamba iliyokatika, akaanza kuifungua ncha kwa kucha. Nyuzi tatu zimesokotwa pamoja. Akafungua uzi mmoja, ukafunguka tena, ukawa bapa, ukawa mkanda mwembamba wa kaki. Akaninyooshea. "Mama, hii karatasi!" Ni karatasi kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyasi za kufumia viti ziliadimika kwao, wakageukia karatasi ya kusokota, na vita vilipoisha hawakuiacha. Hata wanafunzi wake waliacha msasa waje kuishika.

Vile vitatu vipya ndipo penye maneno.

Kiti cha asili, nyuma kimeshuka kidogo kuliko mbele. Futi yangu ilisema sentimita mbili hivi. Fundi naye alipima, akaona, akanihurumia: alidhani miguu ya nyuma imelika kwa kuburutwa sakafuni miaka yote hiyo. Basi kwenye vipya akaisawazisha miguu yote minne, bila kuniuliza, bila kuongeza hela. Nilipokalia cha kwanza nilihisi nasukumwa mbele kama abiria wa daladala dereva akikanyaga breki. Nikamkalisha yeye mwenyewe, cha zamani kwanza, kipya baadaye. Akanyamaza, akachukua msumeno. Nikamsimulia kwamba Mogensen alifundishwa na Kaare Klint, mtu aliyeanza kazi zake kwa kupima miili ya watu na vitu wanavyovitumia. Na baadaye Mogensen mwenyewe na mwenzake Grethe Meyer walihesabu na kupima mashati na vyombo vya nyumbani ili kabati liwe na ukubwa unaotakiwa. Hiyo lugha naielewa. Huwezi kumshonea mtu kwa kutazama picha yake.

Mgongo: ni ubao mmoja mpana uliopinda. Fundi hana pa kuupindia kwa mvuke, kwa hiyo ameuchonga kutoka kwenye ubao mnene. Macho hayaoni tofauti. Mimi naiona, kwa sababu nyuzi za mti zinakatizwa pembeni, sawa na kitambaa kilichokatwa mshazari: kinakaa vizuri mwilini ila kikivutwa ndipo kitakapoachia. Ameuacha mnene zaidi kufidia, ukawa mzito kuutazama. Nakubali, lakini kama una watoto wanaobembea na kiti, jua hilo.

Kamba ni kosa langu nusu. Karatasi ile hatukuipata. Fundi akashauri nailoni ya nyavu, ipo tele kwa wauza nyavu. Mimi nikataka katani. Tukagawana: viwili katani, kimoja nailoni. Ufumaji ni ule ule, unatoka pembe nne unakutana katikati kama mgongo wa bahasha, na kijana wake mdogo kabisa ndiye anayeufuma vizuri kuliko wote. Nailoni baada ya wiki tatu ikavutika, ukikaa unadidimia kama kwenye chandarua. Katani haijalegea, ila inachoma mapajani na inaacha vinyuzi kwenye nguo nyeusi, na wateja wangu wa misiba huvaa nyeusi. Nimeshona vifuniko vya kitenge. Tatizo limekwisha, japo ufumaji hauonekani tena.

Kuhusu muda siwezi kumtetea. Aliahidi wiki mbili, nikasubiri saba. Umeme ulichangia, msiba ulichangia, na kazi ya milango ya mtu mwingine ilichangia zaidi. Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa kukaa naye. Ijumaa moja nilimwambia kwamba ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, ambako Mwalimu Nyerere alikwenda mwaka 1955 kuisemea Tanganyika, ulibuniwa na Mdenmark mwingine, Finn Juhl. Fundi ni mtu wa Mara, kwao Mwalimu. Alisimamisha randa katikati ya ubao. "Kumbe hata hapo kulikuwa na seremala." Wiki iliyofuata viti vilikuwa tayari, sijui kama vinahusiana.

Bei: laki moja na elfu kumi kwa kiti, mninga wa Tabora ukiwemo, nusu unatanguliza. Kukaza cha zamani elfu kumi na tano. Mwulize mbao zimekaa muda gani kabla hazijakatwa. Kiti changu kimoja upau wa chini umesinyaa na unalia asubuhi, amekubali kuurudia bure. Guta kutoka kwake mpaka Kirumba ni elfu sita, na kamba za kufungia njoo nazo mwenyewe, zake zote ziko kwenye viti vya watu.