Kuzunguka ziwa la Muckross kwa baiskeli ya kukodi, Killarney: uzoefu wangu

Wifi yangu alipokuja kunitembelea Ireland mwanzoni mwa Juni, nilimwambia Jumamosi tutapanda treni kwenda Killarney, mji wa kusini-magharibi mwa nchi, tukodi baiskeli, tuzunguke ziwa. Akanikata hapo hapo: "Wifi, mimi na baiskeli tulishaachana siku nyingi."

Nilijua. Sote tumekulia upande wa Shinyanga, na yeye alikuwa akienda shule na Phoenix ya baba yake, amepitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kwenye kiti hafiki. Baadaye zikaja pikipiki, akaolewa na kaka yangu, wakahamia Mwanza, na kwa miaka ishirini hakugusa usukani. Nimeandika haya kwa ajili ya watu kama yeye, waliowahi kujua wakadhani imeshapita.

Mimi naishi Cork, kwa hiyo tulipanda treni ya asubuhi, tukabadilisha Mallow, tukashuka Killarney kabla ya saa nne. Kutoka stesheni hadi maduka ya kukodisha baiskeli ni mwendo mfupi wa miguu. Tuliingia la kwanza tuliloliona. Tulilipa euro 20 kila mmoja kwa siku nzima, tukapewa kofia ngumu, kufuli, vizibao vya kung'aa na ramani. Kofia si lazima kisheria Ireland, lakini ichukue. Kijana wa duka alishusha kiti cha wifi, akaminya tairi kwa kidole gumba, akatuambia safari njema. Hapo ndipo nilipokosea: tairi zilikuwa na upepo wa kutosha, nami nikaridhika, nisiangalie kingine.

Mjini kuna geti la Hifadhi ya Taifa ya Killarney linalotazamana na kanisa kuu la St Mary's, na ukishaingia hakuna gari. Kwa mtu anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Wifi aliyumba mita kama hamsini za mwanzo, amekaza mabega, macho kwenye tairi la mbele. Nikamwambia, "Tazama mbele, wifi, usitazame chini." Akainua kichwa, baiskeli ikanyooka yenyewe. Tulipofika Ross Castle, ngome ya karne ya 15 iliyo ukingoni mwa Lough Leane, alikuwa anapiga kengele kuwaonya watalii waliosimama njiani kupiga picha.

Maziwa ya Killarney ni matatu. Lough Leane ndilo kubwa, lakini la kuzunguka kwa baiskeli ni lile la kati, Muckross. Mzunguko wake ni kama kilomita 10. Ukijumlisha kutoka mjini, kurudi, na kuchepuka ngomeni, sisi tulikadiria kilomita 25. Jambo la kukumbuka: waendesha baiskeli wanatakiwa kulizunguka kwa upande mmoja tu, kinyume na mshale wa saa. Unaanzia Muckross House, jumba la vyumba 65 lililokamilika mwaka 1843 (Malkia Victoria alilala hapo mwaka 1861), unakwenda hadi daraja la Brickeen, kisha Dinis, kisha unatokea barabara kuu. Njia ni nyembamba na ina kona za ghafla, usibishane na utaratibu huo. Na angalia mikokoteni ya farasi inayobeba wageni. Farasi akiwa mbele yako, mpe nafasi, usimpigie kengele mgongoni.

Kipande kati ya Muckross House na Brickeen ndicho kilichonifanya nirudi Killarney mara ya tatu sasa. Njia inapita kwenye msitu wa miti ya yuu, miti mizito yenye majani membamba ya kijani cheusi, iliyoota juu ya mwamba wa chokaa ambako huoni udongo. Mizizi imeukumbatia mwamba, na kila jiwe limefunikwa na mimea laini ya kijani kama zulia. Ukiacha kukanyaga pedeli unasikia mnyororo tu na matone. Misitu ya namna hii imebaki michache sana Ulaya. Wifi alishuka, akabonyeza lile zulia kwa kiganja, maji yakachuruzika vidoleni kama umekamua sifongo.

Humo humo ndimo breki zilipotuangusha. Kuna vilima vifupi, unapanda mara mbili tatu unashuka ghafla. Kwenye mteremko wa pili nikasikia mlio wa chuma nyuma yangu, kisha, "Wifi, haishiki! Breki haishiki!" Alinipita akiwa ameshusha miguu yote miwili anaburuza viatu kwenye changarawe, akaenda kusimama kwenye kichaka. Hakuumia, Mungu ni mwema, ila mikono ilimtetemeka dakika tano nzima. Nilipoinama kutazama, mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umelika wote, chuma kimeshaichora rimu. Ya mbele ilikuwa imelegea, unabinya mpaka kishikio kinagusa usukani. Nikapiga simu dukani mara tatu, haikupokelewa. Nikakaza waya wa breki ya mbele kwa ile skrubu ya mkono iliyopo kwenye kishikio, kama baba alivyonifundisha. Ya nyuma haikuwa na dawa, kwa hiyo tukabadilishana baiskeli. Nikaendesha hiyo mbovu, na kila mteremko nikashuka kutembea.

Kwa hiyo popote utakapokodi, kabla hujalipa fanya hivi: binya breki ya mbele usukume baiskeli mbele, tairi la nyuma linapaswa kuinuka. Binya ya nyuma uivute, tairi likwame. Chungulia mpira umebaki kiasi gani. Zungusha pedeli ubadilishe gia zote. Ni dakika mbili. Muuzaji akikunja uso, nenda duka la jirani.

Chakula tulibeba wenyewe, chapati na maharage na chai ya tangawizi kwenye chupa. Tulikula karibu na Dinis, mahali panapoitwa Meeting of the Waters, ambapo maji ya ziwa la juu yanashuka na kukutana na haya mengine mawili chini ya daraja kuukuu la mawe. Mvua ilitunyeshea dakika ishirini, ikaacha, jua likatoka, milima yote ikafuka mvuke. Ng'ambo kulikuwa na vichaka vya rododendroni vimechanua zambarau tupu. Wifi akasema maua mazuri kweli. Nikamweleza kwamba hayo ni magugu, yaliletwa kama pambo la bustani, yakaingia msituni, sasa yanaziba mwanga hata miche ya asili haioti, na hifadhi inahangaika kuyang'oa miaka na miaka. Akayatazama upya. "Kumbe ni gugumaji letu." Mtu wa Mwanza huhitaji kumweleza mara mbili. Gugumaji nalo lina ua la zambarau linalopendeza, waulize wavuvi wa Ziwa Victoria habari zake.

Baada ya Dinis unatokea barabara ya N71. Kipande hiki ni kifupi lakini kina magari na mabasi ya watalii, na barabara ni nyembamba. Afadhali kwetu wa Afrika Mashariki, Ireland wanaendesha kushoto kama nyumbani. Vaa kizibao, fuatana mmoja nyuma ya mwingine. Torc, maporomoko ya maji ya kama mita 20, funga baiskeli chini utembee. Tulikaa kidogo tu kwa sababu watu walikuwa wengi. Tulipokuwa tunarudi kupitia magofu ya Muckross Abbey ya mwaka 1448, tukakuta ayala watatu, wanyama wanaofanana na swala wakubwa, wanakula majani uwandani, wekundu, wametulia. Neno hilo nilikuwa nalijua kanisani tu, mnyama mwenyewe sikuwahi kumwona mpaka nilipokuja huku.

Wenye miguu imara kuna safari nyingine, Gap of Dunloe. Mwaka jana niliifanya peke yangu: unapanda katikati ya milima, unashukia Black Valley, kisha mashua inakubeba wewe na baiskeli yako kupitia maziwa yote matatu hadi Ross Castle. Ni nzuri mno, ila kupanda kunachosha, mashua lazima uweke nafasi mapema, na hali ya hewa ikiharibika haiendi. Anayeanza upya aanze na Muckross.

Tulirudisha baiskeli saa kumi na moja na nusu jioni. Nikamwonyesha yule kijana breki. Akasema asante kwa taarifa, akairudisha kwenye mstari ule ule wa kukodishwa. Nikaitoa mwenyewe mbele yake, nikamwomba afunge kikaratasi cha kuizuia, nikasubiri mpaka akakifunga. Sikurudishiwa hata senti, na kwa hilo bado nina uchungu.

Jua la Juni huku huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hatukuharakia treni, tulilala Killarney, na Jumapili asubuhi tukaenda duka jingine. Mwenye duka alikuwa bado anatafuta funguo wifi alipochuchumaa kando ya baiskeli ya kijani, akachungulia mipira ya breki, akabinya ya mbele, akasukuma mpaka tairi la nyuma likainuka.

"Hii naichukua," akasema. "Wewe tafuta yako."