Sungura wa Pasaka: felti au leso?

Ukitaka kumshonea mtoto mdoli wa sungura wa Pasaka, unaweza kutumia leso au felti, yaani kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa badala ya kufumwa. Kwa bei, leso inashinda. Kwenye maduka ya Biashara Street, Mombasa, zimejaa tele, na hata iliyochakaa nyumbani hutoa sungura kadhaa. Felti utaitafuta kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji.

Kwenye kushona, felti haina mpinzani. Haifumuki nyuzi, kwa hiyo sikio la sungura unalikata, unaliweka juu ya lenzake na kushona ukingoni kwa mkono, mshono ukibaki nje kama pambo. Leso hufumuka: acha nafasi ya mshono, shona upande wa ndani, kisha ugeuze. Sikio jembamba hapo litakutoa jasho!

Kufua ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Pasaka huja Machi au Aprili, mvua za masika zikikaribia au zimeanza, na mdoli uliolowa hadi ndani huota ukungu upesi. Leso huvumilia kufuliwa mara kwa mara. Felti ya sufu husinyaa ikitiwa maji moto.

Mtoto bado anatia kila kitu mdomoni? Chukua leso, na macho yadarizi kwa uzi, usiweke vifungo. Ni mkubwa na anataka kushona nawe? Mpe felti.