Plagini za ulinzi kwa blogu ya WordPress: ipi uweke, ipi ulipie, ipi uiache

Mwaka jana mama mmoja mwenye blogu ya mapishi alinipigia simu jioni. "Mwanangu, watu wananiambia siku hizi natangaza kamari." Nikaifungua blogu yake kwenye kompyuta: pilau, maandazi, picha zake zile zile, hakuna doa. Kisha nikaitafuta Google kwa simu, nikabofya, nikatua kwenye ukurasa wa kubeti. Ndiyo ujanja wao. Anayeandika anwani mwenyewe anaiona blogu kama kawaida, anayetokea Google ndiye anayepelekwa kwingine, kwa hiyo mwenye mali anakuwa wa mwisho kujua.

Plagini za ulinzi (plagini ni programu ndogo ya kuiongezea WordPress uwezo) alikuwa nazo tatu, na moja aliilipia kwa dola. Ila kwenye ukurasa wa Watumiaji nilikuta wasimamizi sita: yeye, mwanawe, mafundi wawili wa zamani, binti aliyewahi kumsaidia kupandisha picha, na mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu. Tena kulikuwa na plagini ya slaidi aliyouziwa kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi elfu tano, toleo la kulipia lililovunjwa leseni. Nakala ya akiba? Hakuna. Tulikaa siku tatu tukichambua faili moja moja.

Kwa hiyo nikiulizwa ninunue nini, huwa napanga hivi.

Kabla ya yote: UpdraftPlus, ya bure

Hii haizuii mtu kuingia, lakini ndiyo naiweka kwanza kwenye kila blogu. Toleo la bure linapiga nakala ya mafaili na hifadhidata (humo ndimo makala zenyewe zinakaa) kwa ratiba unayoipanga, linaipeleka Google Drive au Dropbox, na siku ya shida linairudisha. Google wanatoa GB 15 bure, na kwa blogu ya maandishi na picha za kawaida hiyo inakaa muda mrefu. Usiache nakala kwenye seva ile ile ya blogu, yaani kompyuta ya kampuni inayokuhifadhia blogu. Seva ikiondoka, vinaondoka vyote. Anayeandika mara moja kwa wiki apige nakala kila wiki, abakize nne. Halafu ajaribu kuirudisha walau mara moja kabla hajapatwa na jambo. Kulipia? Bado.

Nafasi ya 1: Wordfence, ya bure

Kwa blogu nyingi ninazozishughulikia, hii inatosha. Ina ukuta wa kuchuja maombi mabaya, inakagua mafaili, inazuia anayejaribu nywila mara nyingi (WordPress yenyewe, ukiiweka bila kitu, haimzuii), na ina uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya siri kutoka kwenye simu) bila malipo. Tofauti kubwa na ya kulipia ni muda: kanuni mpya za ukuta na alama za virusi vipya humfikia mteja wa bure siku 30 baada ya aliyelipa. Kufungia wageni wa nchi nzima nako ni kwa waliolipa.

Wengi wanaiweka na kuishia nusu. Juu ya dashibodi inakuja taarifa ya kukuomba uboreshe ukuta. Watu wanaifunga kama tangazo. Ibofye. Bila hatua hiyo ukuta unaamka baada ya WordPress kuanza kufanya kazi, ukiibofya unatangulia mbele. Wiki ya kwanza itakuwa katika hali ya kujifunza, usishangae ikionekana imelala.

Kasoro yake ni ulaji. Kwenye seva za bei nafuu zile za kugawana, ukaguzi wake unaweza kuifanya blogu ikokote na kampuni ikakuandikia barua ya malalamiko. Kuna mpangilio wa kukagua taratibu kwa kutumia nguvu kidogo, uwashe. Na barua pepe zake punguza, maana zinatisha bure.

Toleo la kulipia lilikuwa dola 149 kwa mwaka nilipoangalia mara ya mwisho. Ningelipa kama blogu ndiyo inayonilisha, au kama nimelazimika kubeba plagini nyingi nisizoweza kuziacha. Blogu ya mapishi yenye plagini saba haihitaji.

Nafasi ya 2: Solid Security

Wazee wa kazi wanaijua kwa jina la iThemes Security, jina lilibadilishwa 2023. Nyepesi kuliko Wordfence, na kwenye mambo ya watumiaji imekaa vizuri zaidi: unawapanga kwa makundi, kundi la wasimamizi unalilazimisha hatua mbili na nywila ngumu, wachangiaji unawaachia kidogo. Blogu yenye waandishi wanane na seva dhaifu, ningeanza na hii. Sababu ya kuishusha ni kwamba kuziba mianya ya plagini nyingine kabla hazijasasishwa kumewekwa upande wa kulipia.

Nafasi ya 3: All-In-One Security

Ya bure kwelikweli, vitu vingi, dashibodi yenye alama kama za mtihani. Mwaka 2023 ilibainika toleo 5.1.9 lilikuwa linaandika nywila za watu kwenye kumbukumbu zake kama zilivyo, bila kuzificha. Walirekebisha katika 5.2.0. Sikuitupa, lakini sijaipandisha tena.

Sucuri ya kulipia, kwa aliyekwisha kuungua

Plagini yao ya bure inaandika nani kafanya nini na kukagua mafaili, basi; ukuta haumo. Unachonunua kwa dola 200 na ushei kwa mwaka ni ukuta ulioko nje ya seva yako, wageni wanapita kwao kwanza, pamoja na watu wa kukusafishia tovuti iliyovamiwa. Ukishadukuliwa na huna fundi unayemwamini, hapo bei hiyo ina maana. Kwa blogu yenye afya, hapana.

Usiweke mbili za aina hii pamoja. Zinapigana, zinakufungia nje wewe mwenyewe, na kila moja ni mlango mwingine. Novemba 2024 Really Simple Security, plagini ya ulinzi iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni nne, ilikutwa na tundu hapo hapo kwenye hatua mbili zake: mtu aliweza kuingia kama msimamizi bila nywila. WordPress.org walilazimisha sasisho. Limit Login Attempts Reloaded, ya kuzuia anayejaribu nywila mara nyingi, nayo ni nzuri, lakini kama Wordfence ipo, kazi hiyo tayari inafanyika.

Za elfu tano za WhatsApp sina mengi. Hazipati sasisho, na aliyeivunja leseni alikuwa na nafasi ya kuongeza mistari yake. Ile ya mama ilikuwa nayo.

Kabla ya kuweka plagini yoyote, tazama upande wa kulia wa ukurasa wake: ilisasishwa lini, imejaribiwa na WordPress ya ngapi. Na jihadhari na iliyouzwa kwa mmiliki mpya. Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti kama 200,000, iliuzwa 2017 na mnunuzi akaingiza mlango wa siri ndani ya sasisho.

Watumiaji

Hapa hakuna cha kununua. Vyeo vitano vya WordPress vinatosha: msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji, na msomaji aliyejisajili tu. Mchangiaji anaandika lakini hachapishi wala hapandishi picha; mwandishi anachapisha ya kwake; mhariri anagusa ya wote. Msimamizi awe mmoja, na akaunti hiyo isiandikie makala. Ukitaka cheo cha katikati, plagini ya Members ni bure.

Usajili wa wageni uzime kama hauuhitaji. UpdraftPlus hiyo hiyo niliyoisifu, Februari 2022 ilikutwa na tundu lililomruhusu yeyote aliyesajiliwa, hata wa cheo cha chini kabisa, kupakua nakala za tovuti nzima. Ambao hawakuwa na wageni waliosajiliwa walikuwa na la kuwapunguzia presha.

Fundi akimaliza kazi, akaunti yake ishushwe au ifutwe siku hiyo hiyo; si kumkosea heshima, nami huwa naomba nifutwe. Ukifuta, WordPress inauliza makala zake zifanyweje: zifutwe zote, au apewe mtu mwingine. Chagua la pili, soma jina mara mbili, ndipo ubofye. Yule binti wa picha alikuwa na mapishi arobaini na moja kwa jina lake, na kidole cha mama kilikuwa tayari kwenye la kwanza.