Nimekodi gauni la mashindano ya dansi: gauni safi, ila "rangi ya ngozi" ni ya ngozi ya nani?

Mimi na Baba Neema tunaishi Manchester. Watoto walipohama nyumbani tukaona jioni zimekuwa ndefu, tukajiandikisha darasa la dansi ya ukumbini: walzi, tango, foksitroti, kwikstepi. Babu yangu Tanga alizicheza hizo enzi za Mwingereza, na picha yake ya suti nyeupe bado ipo kwa shangazi. Mwezi wa tatu mwaka huu tukaingia mashindano yetu ya kwanza, daraja la wanaoanza. Nilitafuta kwa Kiswahili mtu anieleze habari za mavazi, sikupata hata mstari mmoja. Basi naandika mimi.

Kununua nilishakata tamaa mapema. Mwaka jana mwezi wa tano tulikwenda Blackpool kutazama lile tamasha kubwa la Winter Gardens, lililoanza mwaka 1920, na pale pembeni kuna vibanda vya magauni. Nikageuza kibandiko cha bei: zaidi ya pauni 2,000. Nikakirudisha kilivyokuwa, polepole. Si wizi lakini. Vile vijiwe vinavyometameta huuzwa kwa grosi, yaani 144 kwa mkupuo, na gauni moja hubeba grosi nyingi, kila kijiwe kimegandishwa kwa mkono.

Kwa hiyo nikakodi. Pauni 130 kwa wikiendi, amana pauni 200.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba gauni la dansi ndani lina vazi jingine la kubana, limeshonewa humohumo na linapita katikati ya miguu kama la kuogelea. Ndiyo maana fomu ya wakodishaji inadai kipimo cha kiwiliwili: kutoka begani, chini katikati ya miguu, mpaka begani tena. Nilijipima peke yangu mbele ya kioo, futi ikalegea mgongoni. Gauni lilipofika nikalivaa, likakaa kama nimezaliwa nalo. Nikanyanyua mikono kushika bega la Baba Neema, likanivuta huko chini hadi nikasimama kwa vidole.

"Mama Neema, vipi, mbona umerefuka?"

Nikawapigia. Wakaleta saizi nyingine baada ya siku mbili, bila kunitoza hata senti. Hapo nawapa heko. Wewe mwite mtu akupime, na mikono uiweke juu.

Sasa hiyo neti. Gauni lilikuwa la bluu, kifua na mikono vimefunikwa neti ambayo kwenye tangazo iliitwa "rangi ya ngozi". Kwa mtu mweupe haionekani, vijiwe vinakuwa kama vimemwagwa mwilini. Kwangu ilionekana kama nimefungwa bandeji. Nikauliza kama naweza kuipaka rangi, maana neti ya nailoni hukubali hata chai ya rangi iliyokolea. Wakakataa, mkataba hauruhusu. Sawa, mali ni yao. Lakini walikuwa na picha yangu tangu siku ya kwanza, wangeweza kunitahadharisha.

Viatu nilinunua mwenyewe, vya satini, navyo "rangi ya ngozi". Wenzetu wa baleti walau walishafikiriwa: mwaka 2018 watengeneza viatu Freed of London pamoja na kundi la Ballet Black walitoa viatu vya kahawia. Mimi nilichukua faundesheni yangu ya usoni nikavipaka kwa sponji, mara mbili. Vikapendeza sana. Kisha nikaizungusha walzi ukumbini, na pindo la gauni likaanza kunywa faundesheni kila kisigino kilipoligusa. Wakakata pauni 40 kwenye amana. Kosa langu, sibishi, ila nikihesabu tangu mwanzo, chanzo chake ni ile rangi ya ngozi.

Nywele ndipo nilipofurahi. Mwalimu wetu alitaka zilale kichwani na kuishia kwenye fundo kisogoni. Wenzangu walikuwa wakimwaga jeli na dawa ya kukaza mpaka chumba cha kuvalia kinanuka. Mimi nilienda kwa msusi wangu wa Bukavu nikamwomba twende kilioni, nyembamba, aziunge na rasta tufunge kibutu. Akacheka.

"Dada, kilioni ao kwenye dansi?"

Zilikaa siku kumi bila unywele kuhama. Pia sikuhitaji ile rangi ya mwili wanayojipaka Wazungu ili wasififie chini ya taa. Ila usijipake mafuta mikononi, mwenzako atateleza. Mafuta weka kidogo ubavuni mwa viatu vya mwanamume vya ngozi ya kung'aa, la sivyo vinanatana kila vikipishana.

Baba Neema alitaka kuvaa suti yake ya harusi. Alipoinua mikono mabega yakapanda masikioni, akawa kobe. Koti la mkia la dansi limekatwa likiwa mikono juu, hivyo bega linatulia. La kwake tuliazima kwa mwalimu, nami nikabandika namba mgongoni kwa pini nne.

Tulitolewa raundi ya kwanza.

Mwezi wa kumi tunarudi, na nimewaandikia walewale: nataka gauni lenye neti ya kahawia. Wamejibu wanalo moja tu, la kijani, na saizi ni yangu. Kijani sijawahi kukipenda. Nimelilipia jana.