Matomo kwenye tovuti ya msaada kwa wateja: uzoefu wangu

Niko huduma kwa wateja katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayouza programu ya mauzo kwa wenye maduka. Tuna tovuti ya msaada yenye maelekezo, na fomu ya kufungua tiketi, yaani ombi la msaada, kwa aliyekwama. Tulitaka kujua maelekezo hayo yanasomwa kweli au la. Tukafunga Matomo, programu ya kuhesabu na kuchambua matembezi ya tovuti, ile iliyoitwa Piwik hadi 2018, kwa sababu toleo la kuweka kwenye seva yako ni bure na data inabaki kwako.

Kuifunga si kazi kubwa: seva yenye PHP, hifadhidata ya MySQL, na kipande cha msimbo wa JavaScript kwenye kurasa. Kazi ni kusafisha hesabu. Sisi wafanyakazi tunashinda tukifungua kurasa hizo kutafuta kiungo cha kumtumia mteja, na kila tukifungua tunahesabiwa. Unaweza kuziondoa anwani za IP za ofisi, lakini kama intaneti yenu hubadili anwani mara kwa mara, tumieni kuki ya kujitoa (alama ndogo inayoiambia Matomo isiwahesabu) kwenye kila kivinjari.

Kilichonifanya niipende ni ripoti ya Transitions. Unachagua ukurasa mmoja, inakuonyesha watu walitoka wapi na wakaelekea wapi. Ukurasa wetu wa kubadili nywila ndio uliokuwa ukiongoza kwa kutazamwa. Kwa idadi peke yake ungeusifu. Kumbe wengi wakitoka pale walikwenda moja kwa moja kufungua tiketi! Ripoti ya vifaa ikatupa sababu: wasomaji wako kwenye simu, na maelekezo yanasema bonyeza kitufe cha juu kulia, ambacho kwenye simu kimejificha ndani ya menyu. Tukaweka picha za skrini ya simu, na tiketi za nywila zikapungua waziwazi.

Mtu anayesoma ukurasa mmoja na kuondoka, dukani mtandaoni ni hasara. Kwenye msaada huenda ameshapata jibu lake. Ila Matomo kwa kawaida haipimi muda wa ukurasa wa mwisho, kwa hiyo washeni enableHeartBeatTimer, mpangilio wa kupima muda huo, la sivyo msomaji wa dakika tano na aliyechungulia tu watafanana.

Angalieni pia maneno yaliyotafutwa yakakosa majibu. "Mashine haitoi risiti", "nimefuta bidhaa": humo ndimo ninamopata mada za kuandika.

Wenye vizuia matangazo mara nyingi hawahesabiwi, basi linganisheni kurasa kwa kurasa, msishikilie idadi kamili. Ramani za mibofyo, zinazoonyesha watu wamebofya wapi, ni za kulipia. Tovuti ikikua, ripoti ziandaliwe kwa cron (kipanga kazi cha seva), zisisubiri mtu afungue dashibodi.

Na tafadhali, kurasa za tiketi zenyewe msizifuatilie. Anwani za wavuti (URL) za kurasa hizo zinaweza kubeba barua pepe ya mteja, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sisi msimbo wa Matomo tumeuweka kwenye kurasa za maelekezo, na kwenye fomu tunahesabu kufunguliwa kwake tu, si kilichoandikwa ndani.