Pasipo polisi pana wenyewe: miezi 14 yangu kwenye anga la sifuri la EVE Online

Nilipolipuliwa mara ya kwanza kwenye anga la sifuri, mke wangu alitoka chumbani akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nikamweleza: nilikuwa na meli imejaa madini, nimevuka lango, nikakuta watu watano wamefunga njia. Wameivunja meli, kisha wakalipasua na lile yai la kujiokolea. Akauliza, mtu anaenda kushitaki wapi? Nikasema hakuna pa kushitaki. "Sasa ile njo mchezo ya namna gani?" Akarudi kulala.

Swali lake nimekaa nalo miezi 14. Kila nikitaja EVE Online hapa Lubumbashi, kuna mtu ataniuliza kama inachezeka kwa umeme wetu, kwa mega zetu na kwa mifuko yetu, basi nitajibu yote mahali pamoja. Maisha ya kwenye usalama, yaani maeneo yenye polisi wa mchezo, nitayapita haraka, maana huko nilikaa wiki sita tu na sikumbuki chochote isipokuwa kuvunja mawe.

Kwa asiyeijua: ni mchezo wa kompyuta wa meli za angani uliotolewa tarehe 6 Mei 2003 na CCP Games, kampuni ya Reykjavik, Aisilandi. Ukiondoa China yenye seva yake, wachezaji wa dunia nzima tuko kwenye seva moja iitwayo Tranquility, nayo iko London. Ulimwengu wenyewe, New Eden, una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na kila mfumo una namba ya usalama. Kuanzia 0.5 kupanda hadi 1.0 kuna polisi wa mchezo, CONCORD, ambao hawazuii mtu asikupige ila humlipua baada ya kukupiga. Kati ya 0.4 na 0.1 polisi hao hawaji tena. Ukishuka hadi 0.0 na chini yake ndipo sifuri: hakuna adhabu ya kuua, na sehemu kubwa ya nyota hizo zinamilikiwa na wachezaji wenyewe kwa majina ya miungano yao.

Mimi kazi yangu ni kutayarisha karatasi za malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Nilifikiri mahali pasipo polisi nitapumzika na karatasi. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Meli niliyolipuliwa nayo ilikuwa Venture, ile ndogo ya kuchimbia wanayoanza nayo wageni. Tumbo lake la madini linabeba mita za ujazo 5,000, na imeundwa iweze kuchomoka pale mtu anapoikamata kwa mtambo wa kawaida. Lakini kwenye sifuri watu wanaruhusiwa kutega viputo, mitego inayozuia meli kuruka, na mbele ya kiputo uwezo huo haufui dafu. Hayo nilielezwa na yule yule aliyenilipua. Baada ya kumaliza kazi yake aliandika "gf" kwenye lokali (idhaa ya maandishi ya mfumo mzima), maana yake pambano zuri (halikuwa pambano), kisha akanitumia ujumbe mrefu wa Kifaransa kunionyesha nilikosea wapi, na pesa za kununua Venture mbili. Mke wangu mpaka leo haamini sehemu hiyo ya hadithi.

Ni yeye, yule mlipuaji, aliyeniambia nitafute shirika la watu kabla sijarudi, kwa sababu huko kila jiwe lina mwenyewe. Nikaomba kuingia kwenye shirika moja la wanaozungumza Kifaransa. Nimehamia nyumba tatu mjini hapa, Kamalondo, Bel-Air na sasa Katuba, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kunipekua namna ile. Walitaka niwafungulie barua zangu za mchezoni, mizania ya pesa zangu, orodha ya watu niliowahi kufanya nao biashara. Walinihoji kwa sauti karibu saa nzima. Walikuwa wanaogopa wapelelezi, na wana sababu: ndani ya mchezo huu wizi na utapeli kati ya wachezaji unaruhusiwa, na mtu anaweza kukaa nanyi mwaka, akapewa funguo za ghala, akaondoka na kila kitu usiku mmoja. Kilichokatazwa ni kununua pesa za mchezo kwa dola nje ya njia rasmi. Kuiba bohari la ndugu zako hakukatazwi. Shirika letu liliwahi kusafishwa ghala la meli ndogo na mtu tuliyekuwa tukimwita papa, yaani baba. Tulikasirika kama siku tatu, kisha tukabadilisha funguo.

Basi maisha yenyewe yanakwendaje? Yanakwenda kwa kuangalia orodha ya majina. Upande mmoja wa kioo kuna lokali, orodha inayoonyesha kila rubani aliye kwenye mfumo wako. Jina geni likitokea, unaacha mawe, unakimbilia kituoni, na kabla hujapumua unaandika kwenye idhaa ya habari: jina, mfumo, meli aliyonayo, lango alilotokea. Jirani wa mfumo unaofuata anasoma, naye anakimbia. Ndivyo habari inavyomtangulia mtu mbaya kutoka nyota hadi nyota, kama vile mtaani kwetu mbwa wa nyumba ya kwanza anavyowaamsha mbwa wa nyumba ya kumi. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Lakini ukiiacha utaambiwa. Usiku mmoja nilimwona mgeni, nikajificha, nikaenda kugeuza samaki jikoni nikijua nitaandika nikirudi. Niliporudi, kijana mmoja wa Lyon alikuwa amepoteza meli aliyoichimbia wiki mbili. Hakunitukana. Aliandika tu: "Ulikuwa mfumo mmoja mbele yangu." Samaki yule sikumla vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sifuri si pori. Kuna ushuru unaokatwa kwenye kila kichwa cha maharamia unaowaua. Kuna orodha ya miungano rafiki ambayo hairuhusiwi kuguswa, na ukiwagusa unalipa. Kuna wanaopangisha nyota walizoziteka. Kuna bariere kwenye malango. Na kuna daftari la mwezi, ambalo ndilo nataka kulieleza kwa utulivu, kwa sababu kwa mtu wa Katanga hilo ndilo jambo lenyewe.

Miezi inayozunguka sayari ina madini ya thamani. Shirika linajenga mtambo hapo, mtambo unavuta kipande cha mwezi kwa siku kadhaa, na siku iliyopangwa kipande kinapasuka kuwa uwanja wa mawe. Wote tunashuka kuchimba. Mtambo unaandika wenyewe nani amechimba jiwe gani na kiasi gani, na mwisho wa mwezi unapelekewa deni la kodi yako. Madini unayauzia shirika lenyewe kwa bei ya Jita, soko kuu la mchezo, wakikata asilimia 10 ya usafiri. Unabandika orodha ya mawe yako kwenye kikokotoo, bei inatoka, nao wanaona bei ile ile unayoiona wewe.

Mjomba wangu alichimba malakiti upande wa Likasi kwa miaka. Akilewa alikuwa na wimbo mmoja: mchimbaji anajua uzito wa gunia mgongoni, mnunuzi anajua uzito wa gunia kwenye mizani, na uzito huo haujawahi kuwa mmoja. Nilimwonyesha kikokotoo. Akaangalia kioo muda mrefu, akauliza mizani iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo, namba zile. Akauliza nani anaishika. Nikasema hakuna. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia: "Basi aliyeandika zile namba njo patron."

Ana haki, kwa kiasi. Asilimia 10 hiyo aliipanga mkurugenzi wa shirika peke yake, na hakuna aliyepiga kura.

Sasa intaneti. Hii ni habari njema kuliko nilivyotarajia. Seva inapiga hesabu mara moja kwa sekunde, kwa hiyo si mchezo wa kukimbizana na kidole. Ucheleweshaji wa kutoka hapa mpaka London, ambao katika mchezo wa bunduki ungenifanya maiti, hapa sikuuhisi. Natumia mega za simu na zinaisha polepole kuliko mtoto akiangalia video. Kupakua mchezo wenyewe ndiko mlima. Mimi nilinakili mafaili kutoka diski ya mwenzangu, kilichobaki kikashuka usiku. Faida nyingine ni saa: wakati wa kiangazi cha Ulaya saa ya Lubumbashi na ya Paris ni moja, kwa hiyo wenzangu wanapoingia baada ya kazi, na mimi natoka kazini. Seva huzimwa kila siku kwa matengenezo saa saba mchana ya kwetu, na mtu yuko kazini saa hiyo, haimdhuru.

Umeme ndio mtihani. Ukikatika ukiwa nje, mchezo una huruma kidogo: meli yako inarukia mbali yenyewe, na baada ya kama dakika moja inatoweka. Ila kama kuna mtu ameshakushambulia, haitoweki. Inakaa hapo dakika 15 bila nahodha, na akiendelea kukupiga muda unaanza upya. Nimepoteza Procurer mbili namna hiyo, meli za kuchimbia zenye ngozi ngumu, karibu milioni 60 za ISK, pesa ya mchezo, kila moja pamoja na vifaa. Ya pili iliniuma kwa sababu tayari nilikuwa nimesema kwenye sauti "nakuja, nakuja", na kwa wenzangu nikaonekana nimekimbia. Nikanunua betri na inverta ndogo. Nyumbani nilisema ni kwa ajili ya friji.

Kuhusu pesa halisi: kuingia ni bure tangu Novemba 2016, lakini akaunti ya bure ina dari ya kujifunza ujuzi: ukifika pointi milioni 5 mafunzo ya bure yanasimama. Akaunti kamili ni kama dola 20 kwa mwezi. Kwa mshahara wa Lushi hiyo ni mfuko wa unga, na kadi ya kulipia mtandaoni nayo ni safari yake. Kuna njia ya pili: PLEX, tokeni za mchezo za kulipia akaunti. PLEX 500 zinanunua siku 30, na PLEX unaweza kuzinunua sokoni kwa ISK ulizochimba. Nilipoanza kufanya hivyo zilikuwa zinanigharimu zaidi ya ISK bilioni mbili, yaani karibu saa 80 za kuvunja mawe ili niruhusiwe kuendelea kuvunja mawe. Hesabu hiyo usiifanye mbele ya mke.

Vita kubwa nimeingia moja tu. Kamanda alituita saa mbili usiku, tukakaa meli mamia kwa mamia mpaka seva ikalazimika kupunguza mwendo wa wakati. Wakati unaweza kushuka hadi asilimia 10, sekunde moja ikawa kumi. Nilibonyeza jina nililoambiwa, nikala bukari na sombe, nikanawa, nikarudi, bunduki yangu ilikuwa bado inajiandaa kupiga mara ya pili. Wanaosema vita vya EVE ni vya kusisimua walivisoma. Ukiwa ndani ni kama foleni ya malori mpakani, tofauti ni kwamba kuna mtu anakuimbia masikioni.

Lakini chanzo cha vita ndicho kinachonivutia. Pambano la B-R5RB, tarehe 27 Januari 2014, liliendelea kwa saa 21 na likaangamiza titani 75, meli kubwa kuliko zote, likiwahusisha wachezaji zaidi ya 7,000. Lilianzaje? Ankara ya umiliki wa mfumo ule haikulipwa. Malipo ya kila mara hayakupita, jina la mwenye nyumba likafutika, jirani aliyekuwa akisubiri akaingia. Mimi ninayeshinda na mihuri na tarehe za mwisho nilisoma habari ile nikahisi nimeandikiwa mimi.

Yanayonichosha? Kuitwa. Simu inalia saa saba usiku: njoo, mtambo wetu unashambuliwa. Usipokwenda mara tatu, jina lako linaanza kutajwa kwenye mikutano. Na siasa za wakubwa: tuliwahi kuamka tukaambiwa maadui wa miezi minane sasa ni ndugu, na tufungashe tuhame nyota 30 kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyetuuliza. Nilihamisha meli moja moja kwa usiku tatu, mbili zikabaki, ziko huko mpaka leo kwenye kituo cha watu wengine.

Kama una kazi ya zamu, watoto wadogo na huna betri, kaa kwenye usalama au usianze kabisa. Kama unapenda kuona jinsi watu wanavyojitengenezea serikali pale ambapo hawakupewa, nenda sifuri, ila usiende peke yako na usibebe usichoweza kukipoteza. Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya zile saa 80.

Mwezi wetu unapasuka leo saa tatu usiku. Betri imejaa, na mke wangu kashaniuliza kama friji inahitaji chaji yote hiyo.