Mashine ya mkono ya kung'oa rangi ya bomba: nimeitumia miezi 7

Wakuu, hii mashine ya kupima rangi imeshika kiasi gani nimekaa nayo miezi 7 saiti ya bomba la chuma la maji huku Tanga, naandika kwa sababu naona watu wanainunua wakiamini namba ya kwenye geji ndo kila kitu, na sio kweli kabisa.

Matumizi ni rahisi. Unagundisha kile kisahani cha alumini cha milimita 20 juu ya rangi ya epoksi iliyopakwa kwenye bomba, unaacha gundi ilale usiku mzima, unakata kukizunguka hadi kwenye chuma afu unapampu taratibu mpaka king'oke, geji inakusomea MPa (megapaskali, yaani nguvu iliyotumika kung'oa). Sasa usiandike namba ukaondoka! Geuza kisahani uangalie kimetoka na nini. Kikitoka na gundi tupu basi umepima gundi, rangi hujaipima. Rangi ikikatika katikati na nyingine imebaki imeng'ang'ania chuma, hiyo safi. Ila ikitoka yote chuma kikabaki uchi, hapo shtuka hata kama geji imesoma 12. Sisi ilitutokea, kuangalia rekodi kumbe lile bomba lilipakwa alfajiri na umande, chuma kinatakiwa kiwe na joto la digrii 3 zaidi ya lile ambalo umande unaanza kutua, na hazikufika.

Kingine, mashine inapima rangi kavu na bomba linakaa kwenye udongo wenye maji. Kipande ambacho geji ilisoma 15 tulikiloweka kwenye maji ya digrii 75 saa 24, tukakichokonoa na kisu, kikabanduka kama ganda la chungwa, chini kulikuwa na chumvi haikuoshwa kabla ya kupaka. Na kama bomba lina umeme wa kinga ya kutu ndo usiishie hapa, fanya na jaribio lile la kutoboa tundu dogo kwenye rangi, maji ya chumvi asilimia 3, volti hasi 1.5, siku 28, maana ule umeme unatengeneza magadi makali pale kwenye tundu yanayoenda yakibandua rangi pembeni kidogo kidogo, na kwa kuvuta tu huwezi kuliona hilo.

Bomba nyembamba inasumbua, kisahani ni bapa bomba ni duara, hakikai. Na dai cheti cha kalibresheni (cha kuonyesha geji imehakikiwa inasoma sawa) kabla hujalipa, mimi duka nililonunua walinizungusha wiki 3.

Naipa nyota 4, hiyo moja nimeitoa kwa gundi ya kwenye boksi, ilikuwa inaachia kabla ya rangi, nunua yako pembeni.